Msomaji anayerudi ni nani hasa?

Kila ofisi yenye tovuti ina mtu wa kusimama mwisho wa mwezi na ripoti mkononi na kutamka: "Wasomaji wanaorudi wamefika asilimia arobaini, kwa hiyo watu wanatuamini." Wenzake wanaitikia kwa vichwa, kikao kinaendelea. Sina ugomvi na asilimia arobaini. Ugomvi wangu ni na hiyo "kwa hiyo", maana nimeisikia sasa hadi imenichosha.

Maana yenyewe ni fupi. Katika jedwali la takwimu, msomaji anayerudi ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kilichofungua tovuti kikakutwa na alama iliyoachwa humo safari iliyopita. Basi. Mtu hakuhesabiwa popote.

Alama hiyo ni kuki, na historia yake inafaa kujulikana. Wavuti, kwa jinsi ulivyoundwa, hauna kumbukumbu. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inapokea ombi la ukurasa, inautuma, halafu inasahau, kama muuza duka anayesahau sura ya mteja pindi anapogeukia rafu ya sukari. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape huko California, akabuni njia ya kuipa seva kumbukumbu: seva ikikabidhi kivinjari kipande kifupi cha maandishi, nacho kinakionesha kila kinapokuja tena. Siku hizi kuki inajulikana zaidi kwa matangazo yanayomwandama mtu kila aendako. Lakini kazi yake ya kwanza nje ya maabara ilikuwa ni kuangalia kama aliyefungua tovuti ya Netscape alishawahi kufika pale. Swali letu lile lile! Na jibu lililotoka lilikuwa ndiyo au siyo. Kama mgeni aliondoka ameridhika au anasonya, kuki haikuulizwa, na hadi leo haiwezi kujibu.

Hata hilo la ndiyo au siyo inalijibu kwa kubahatisha. Kuki ya Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, isipobadilishwa, huwekewa umri wa miaka miwili. Ila tangu 2019 kivinjari cha Safari hufuta kuki za namna hiyo baada ya siku saba, kwa hiyo mtu mwenye iPhone anayekusoma kila baada ya siku kumi, mwaka mzima bila kukosa, anaandikwa mgeni mpya kila anapokuja. Aliyefungua kiungo ndani ya Facebook jana, leo akaja kwa Chrome, ni watu wawili. Simu moja ya nyumbani inayoshikwa na baba, mama na binti mwenye kazi za shule ni msomaji mmoja, tena mwaminifu ajabu. Na Mswahili aliyeko Ujerumani, ambako sheria inataka aombwe ruhusa kwanza, akibonyeza "kataa" hakumbukwi hata akija kila asubuhi kabla ya chai.

Tuseme hesabu ni safi. Bado kurudi ni jambo moja na kuamini ni jambo jingine. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi Tanzania nzima hufungua ukurasa wa Baraza la Mitihani mara kumi, mara ishirini, mpaka jina la mtoto lionekane. Wanarudi kwa sababu matokeo yako pale. Uandishi wa ukurasa huo hauhusiki. Kuna pia tovuti zinazomrudisha msomaji kwa kumnyima: habari moja imekatwa vipande vitano, jibu limefichwa mwisho, bando linaisha njiani. Katika ripoti, huyo aliyechoshwa anahesabiwa vizuri kuliko aliyepata jibu kwenye aya ya kwanza akaenda zake.

Wabunifu wa sura ya tovuti nao wana lao. Hupenda kutaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 2,600, ambapo karibu nusu ya maoni ya washiriki kuhusu kuaminika kwa tovuti yaligusa mwonekano wake. Ni kweli. Lakini watu wale walipewa tovuti wazitazame na kuzilinganisha, wakasema kilichowavuta macho. Kama wangezitegemea mwaka mzima, hilo halikupimwa.

Chukua ukurasa wa kawaida kabisa: jinsi ya kupata pasipoti ya Tanzania. Umeandikwa vizuri, hatua zimepangwa, ada imetajwa. Katikati kuna sentensi hii: "Ada hiyo ilibadilishwa hivi karibuni." Hivi karibuni lini? Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018 na utaratibu ukabadilika. Ukurasa usio na tarehe unaweza kuwa wa kabla ya hapo au wa juzi, na msomaji hana namna ya kujua mpaka afike dirishani na fedha pungufu. Hatokuja kulalamika. Safari ijayo atamuuliza jirani. Ungeandika "ada ni shilingi 150,000, tumehakiki mwezi fulani, mwaka fulani", angejua ulisimama wapi ulipoandika, hata kama ada ingepanda kesho yake. Na ikipanda, usiifute kimyakimya; andika kwamba ilikuwa hivi, sasa ni hivi. Wahariri wengi wanaona aibu kuacha sahihisho lionekane. Mimi tovuti isiyo na sahihisho hata moja kwa miaka kumi ndiyo inayonitia wasiwasi.

Anwani ya ukurasa isibadilishwe pia. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta kwamba kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Msomaji aliyejitumia kiungo WhatsApp ili akisome baadaye alishakuamini. Akakuta ukurasa haupo, na kwenye jedwali lako hakuna safu ya huyo.

Basi ukisimama na ripoti, sema hivi: asilimia arobaini ya vivinjari vimetambuliwa tena mwezi huu. Sentensi imerefuka kidogo, lakini ndicho jedwali linachosema. Mkuu akiuliza kama watu wanatuamini, mfungulie barua pepe za wasomaji waliojisumbua kuandika kwamba aya ya tatu ina kosa, kisha mwoneshe kila moja ilijibiwa baada ya siku ngapi.