Hela ya PhD Ulaya haijajificha, tunaitafuta kwa jina ambalo siyo lake

Karibu kila wiki anakuja mtu ofisini ananiambia katafuta skolashipu ya uzamivu mwaka mzima hajapata kitu, na swali langu la kwanza ni hilohilo, Google uliandika neno gani? Anajibu, skolashipu. Sasa hapo ndo tunapokwama jamani, maana sehemu kubwa ya hela ya umma kule Ulaya inatoka kama ajira. Uholanzi, Norwe, Sweden, na hata hela ya Umoja wa Ulaya wenyewe, inatangazwa kama nafasi ya kazi, unaomba, unasaini mkataba, unalipwa mshahara na kukatwa kodi, na kazi uliyoajiriwa kufanya ndo hiyohiyo PhD yako.

Ninaoujua zaidi ni mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, uko ndani ya Horizon Europe, yaani programu yao kubwa ya kufadhili utafiti ya 2021 hadi 2027, umetengewa kama euro bilioni 6.6. Hawaangalii pasipoti yako ni ya wapi na hakuna kikomo cha umri, hili nalirudia kwa sababu wengi wenye miaka 38, 40 wanajitoa wenyewe kabla hata hawajasoma masharti. Kwa PhD inakuwa hivi: vyuo vya nchi kadhaa vinaungana vinaandika andiko moja la kuomba hela ya mradi, vikishinda ndo vinatangaza nafasi zao kwenye tovuti ya EURAXESS, bure kabisa, akitokea mtu anadai ada ya fomu huyo ni tapeli. Kwahiyo we huombi Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, unaomba kwa chuo chenye nafasi.

Halafu kuna mlango watu hawaujui kabisa, CORDIS. Ni kanzi data ya miradi ya utafiti iliyopewa hela na Umoja wa Ulaya. Miradi mipya inaonekana humo na muhtasari wake, vyuo vilivyomo na tarehe ya kuanza, mara nyingine kabla nafasi hazijatangazwa. Ukiona mradi wa malaria au wa lugha za Kibantu unaoanza miezi michache ijayo, tayari unajua ukurasa wa chuo gani wa kuufuatilia, na unaanza kusoma kazi za yule msimamizi wakati wenzako wanasubiri tangazo.

Sasa sharti la Marie Curie linaloumiza watu ni la kuhama. Ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayoenda. Alinijia dada mmoja, kamaliza uzamili Ujerumani Septemba 2024, alikaa miaka miwili, anataka nafasi hukohuko Ujerumani Oktoba 2025. Tukahesabu pamoja, miezi 24 yote imo ndani ya zile 36, haiwezekani. Lakini Ubelgiji anaweza hata kesho, na Ujerumani yenyewe kufika Novemba 2026 inafunguka. Aliumia sana, alishaandika barua nzuri mno. Tafadhali hesabu miezi kwanza ndo uandike.

Nyumbani pia pa kuanzia papo, Tanzania kuna COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mfuko wake wa MTUSATE wa kuendeleza sayansi na teknolojia, Kenya kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti uliotokana na sheria ya 2013, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, inafadhili watu kusoma hapahapa Afrika, ila wao kwa kawaida wanataka isiwe imepita zaidi ya miaka 6 tangu upate shahada yako ya mwisho.

Tukirudi Marie Curie, kwa posdoki, yaani utafiti wa baada ya PhD, mambo yanageuka, hapa andiko unaliandika wewe pamoja na chuo kitakachokupokea. Lazima uwe na PhD na usizidishe miaka 8 ya utafiti tangu uipate, lakini likizo ya uzazi haihesabiwi, wala miaka uliyofanya kazi isiyo ya utafiti, kwahiyo mama aliyekaa wizarani miaka minne asijihesabie amechelewa. Katika alama, ubora wa utafiti wenyewe unabeba asilimia 50, manufaa yake 30, utekelezaji 20. Dirisha la maombi huwa linafungwa Septemba, na msimamizi mzuri anapokea maombi mengi, kwahiyo barua pepe ya kwanza itume Aprili au Mei, fupi, aya tatu, utaje kazi yake moja uliyoisoma kweli na swali ambalo data zako za huku zinaweza kulijibu.