Je, wajua kwa nini dau la mashine ya 40 hupitwa na boti la mashine ya 15?

Kaa asubuhi moja pale soko la samaki la Feri, Magogoni, Dar es Salaam, utazame vyombo vinavyorudi. Utaliona dau la mbao lenye mashine ya 40, yaani nguvu za farasi 40, likiingia na samaki: omo, yaani mbele yake, imeinuka, tezi, yaani nyuma, imekaa chini mpaka maji yanakaribia kulamba ubao wa nyuma, mashine inalia kwa nguvu zake zote. Ubavuni mwake linapita boti dogo la faiba lenye watu wawili na mashine ya 15. Linateleza juu ya maji, nyuma yake wimbi dogo tu. Mashine ya dau ni nzima na nahodha wake ni hodari. Sasa zile farasi 25 za ziada zimekwenda wapi?

Swali hili lilinirudia mdogo wangu alipopiga simu kutoka Ohio, Marekani, anakoishi. Anataka kununua boti ya kuvulia kwa mshipi kwenye ziwa la karibu na kwake, na ziwa lenyewe haliruhusu mashine inayozidi nguvu za farasi 10. "Kaka, wewe umekulia Kunduchi," akaniambia, "nichukue boti gani?" Alidhani nitamtajia aina ya mashine. Nikamwambia mashine aiache kwanza, tuzungumze habari ya wimbi.

Masharti kama hayo ni ya kawaida kule. Mengi ya maziwa hayo ni mabwawa madogo yaliyojengwa na watu, na mengine hutoa maji ya kunywa. Boti yenye nguvu huacha mawimbi yanayomomonyoa kingo na kuwayumbisha wenye mitumbwi. Kuna maziwa yanayoruhusu mashine za umeme peke yake. Kule Ujerumani, ziwa la Königssee limekuwa likisafirisha abiria kwa boti za umeme tangu 1909. Masharti ya farasi 10 ndiyo yaliyozaa ile namba ya ajabu unayoikuta kwenye mashine za Yamaha, Suzuki au Mercury, yaani 9.9: imewekwa ipite chini ya sharti la 10. Mara nyingi mashine ya 9.9 na ya 15 ni mwili mmoja na uzito karibu sawa, ila ile ndogo imebanwa pumzi.

Tuje kwenye wimbi. Chombo chochote kikitembea husukuma maji kwa omo, na hapo wimbi huzaliwa. Kadiri kinavyoongeza mwendo, wimbi hilo hurefuka, mpaka inafika mahali urefu wake unalingana na urefu wa chombo chenyewe: kilele kimoja kwa omo, kingine kwa tezi. Wimbi la maji lina mwendo wake linaoweza, na mwendo huo hutegemea urefu wake. La mita 4 huenda kama kilomita 9 kwa saa. La mita 6 kama kilomita 11, na la mita 9 kama kilomita 13 na nusu. Ukitaka kulipita, omo inabaki imepanda kilele na tezi inaangukia bondeni. Kuanzia hapo chombo kinapanda mlima kilioutengeneza chenyewe, na mlima unahama nacho kila kinapokwenda. Farasi zote unazoongeza zinaishia kuukuza huo mlima.

Mhandisi Mwingereza William Froude ndiye aliyeyapima mambo haya kwa makini, akivuta mifano midogo ya meli kwenye bwawa refu karibu na Torquay katika miaka ya 1870. Lakini mvuvi yeyote wa Kunduchi anayajua kwa mgongo. Mzee mmoja aliyetufundisha kuendesha alikuwa akitazama nyuma kila baada ya muda. Maji ya tezi yakianza kuchimbika na omo ikimziba macho, alikuwa anapunguza mafuta. Mwendo haukupungua kwa kitu cha kuonekana, lakini sauti ya mashine ilishuka kabisa. Mashine ya 40 ya petroli ikifunguliwa yote hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa, ilhali ya 15 hunywa kama 6 au 7. Mzee hakuwa na hesabu za Froude. Alikuwa na dumu la mafuta ambalo lilipaswa kumrudisha nyumbani.

Wala sisemi mwenye dau amenunua 40 kwa ujinga. Dau lake linabeba barafu, nyavu na watu wengi, na upande wa kusi likirudi dhidi ya upepo linahitaji msukumo. Kwa kazi hiyo nguvu ina maana. Ila nguvu ya kusukuma mzigo ni jambo moja, na kasi ni jambo jingine, na wanunuzi wengi huzichanganya.

Lile boti la faiba lenyewe lilipitaje? Lilikataa kukaa ndani ya wimbi. Chombo chepesi chenye tako (sehemu ya chini) pana na bapa kikipata nguvu ya kutosha huukwea ule mlima, kikaruka kilele na kulala juu ya maji. Kikishalala, sehemu kubwa ya uzito wake inabebwa na maji yanayokigonga kwa chini, na kile kizuizi cha wimbi kinabaki nyuma. Dau, kwa uzito wake na mkuku wake wa kina, ule uti wa chini,, haliwezi kufanya hivyo hata ulifunge 60.

Kwa hiyo uzito ndio unaoamua, na hapa nilimfanyia mdogo wangu hesabu. Kipimo cha mazoea ni kwamba boti ndogo yenye tako bapa hulala vizuri ikiwa kila nguvu moja ya farasi inabeba kama kilo 20 hadi 25, kila kitu ndani. Kwa mashine ya 9.9 hiyo ni kilo 200 hadi 250. Boti ya alumini ya mita 4 hivi ina kilo 90. Mashine kilo 40. Mafuta na zana 15. Weka yeye mwenyewe, kilo 75, jumla 220, italala. Muongeze rafiki wa uzito huohuo, jumla inafika 295, na hapo huenda wakabaki wanapanda mlima kama dau la Feri. Ndiyo maana mtu mwenye sharti la farasi 10 akinunua boti kubwa ya kustarehe, yenye viti vya sofa na sakafu ya mbao, anakuwa amezitupa zile farasi kabla hajaingia majini.

Na kama ziwa ni la umeme tu? Nguvu moja ya farasi ni wati 746, na mashine ndogo ya umeme ya betri ya volti 12 kwa kawaida haifiki hata hapo. Kulala juu ya maji usahau. Hapo umbo zuri ni la mababu zetu: refu, jembamba, linalokata maji pasipo kuinua wimbi kubwa. Ngalawa bila matengo yake ni umbo hilohilo, na mtumbwi pia. Wapiga makasia wanane kwenye ule mtumbwi wa mashindano wa mita 17 hivi hupita kilomita 20 kwa saa kwa nguvu za miili yao, kwa kuwa umbo lenyewe haliinui mlima wa maana. Huwa nafurahi sana kila nikilifikiria hili.

Yamebaki mawili ya haraka. Pima kimo cha ubao wa tezi kabla ya kununua: mashine ya mguu mfupi inataka kama sentimita 38, ya mguu mrefu 51, na ukikosea propela itavuta hewa au mguu utakokota maji. Tena uliza kuhusu propela, maana yenye mkunjo mkubwa, yaani inayosogeza chombo mbali kwa kila mzunguko, ni ya boti nyepesi. Kwenye mzigo inaibana mashine isifikie mzunguko wake.

Mdogo wangu alichukua ile ya alumini na 9.9. Wiki iliyopita alinitumia video. Akiwa peke yake boti imelala kabisa, inakwenda. Kwenye video ya pili yuko na rafiki yake, wote wamekaa nyuma, na omo inatazama mawingu. Anamwambia rafiki ahamie mbele. Rafiki anajikongoja hadi benchi la omo, anakaa, boti inashuka pua taratibu, inatafuta kidogo, halafu sauti ya maji inabadilika.