Je, wajua kwa nini amri ya kompyuta hukwama pale isipokuwa na mtu wa kuijibu?

Amri iliyomaliza kazi mbele ya macho yako kwa dakika mbili, ukiihamishia kwenye mfumo unaojenga programu kiotomatiki, inaweza kukaa kimya saa nzima bila kuandika kosa lolote kwenye logi. Haijafa. Imeuliza swali na inamsubiri mtu ambaye hayupo.

Programu hujuaje kama mtu yupo? Katika mifumo ya ukoo wa Unix, kila programu huanza na njia tatu: ya kupokea, ya kutoa matokeo na ya kutoa makosa. Kwa kuita `isatty`, hupata kujua kama njia fulani imeunganishwa na terminali, yaani dirisha ambamo mtu huchapa amri na kusoma majibu. Ikiwa imeunganishwa, huweka rangi na kuuliza maswali. Isipokuwa hivyo, programu iliyoandikwa kwa uangalifu huacha kuuliza. Nyingi hazikagui. Zinasoma tu, na kama njia ya kupokea iko wazi ila hakuna anayeiandikia, zitasubiri bila kikomo.

Dawa ya zamani ni `yes`, iliyokuja na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Kazi yake ni kuandika herufi y mstari baada ya mstari, nawe unaielekeza kwa bomba (alama `|`, inayopeleka matokeo ya programu moja kwenye nyingine) kwenye programu inayouliza. Siipendi. Herufi ileile inayojibu "niendelee?" ndiyo itakayojibu "nifute faili hizi?" siku toleo jipya litakapoongeza swali hilo.

Kisha kuna `ssh`, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Ukiipelekea nywila kwa bomba, haiitazami kabisa, kwa sababu hufungua `/dev/tty` na kuzungumza na terminali yenyewe. `sudo`, inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, nayo hufanya hivyo, usipoipa `-S` ili isome nywila kwenye njia ya kupokea. Ukuta wa aina hii huvukwa kwa Expect, programu iliyotolewa mwaka 1990 na Don Libes wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Expect huunda terminali bandia, husoma swali linapotokea, kisha hujibu kana kwamba kuna mtu anayechapa. Ni ustadi mkubwa, lakini unategemea maneno ya swali: yakibadilika kidogo tu, skripti yako itasubiri sentensi isiyokuja.

Kwa hiyo ni bora kuiambia programu tangu mwanzo kwamba hakuna mtu. Hapo panahitaji umakini, maana wanaouliza huwa zaidi ya mmoja. Chukua Debian na Ubuntu, mifumo ya Linux inayosakinisha programu kwa `apt-get`. `apt-get -y` hukubali usakinishaji, basi. Kifurushi cha `tzdata`, chenye data za saa za maeneo, bado kinaweza kuuliza uko eneo gani la dunia, kwa kuwa swali hilo linatoka kwa debconf, chombo kinachouliza mipangilio ya vifurushi; hilo huzimwa na `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive`, na jibu la msingi hutumika. Ukitaka jibu lako mwenyewe, liweke mapema kwa `debconf-set-selections`. Halafu dpkg, inayoweka vifurushi vyenyewe chini ya apt-get, nayo huuliza kivyake kama ibakize faili la mipangilio ulilolibadilisha au iweke jipya, na `--force-confold` huiambia ibakize la zamani. Ni tabaka tatu ndani ya amri moja, na anayezima moja hushangaa kukwama kwenye nyingine.

Kwingineko ni rahisi zaidi: `GIT_TERMINAL_PROMPT=0` kwa Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo), `BatchMode=yes` kwa ssh, `-n` kwa sudo. Hizi hazijibu swali. Zinaifanya amri ishindwe papo hapo, na hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu kosa lililoandikwa hurekebishika.

Programu isiyo na swichi ya aina hiyo, ielekeze ipokee kutoka `/dev/null`, faili maalumu lisilo na kitu ndani. Ikijaribu kusoma, itakuta mwisho wa data mara moja. Juu ya yote weka kikomo cha muda kwa amri ya `timeout`, kwani kwenye GitHub Actions, huduma ya kujenga programu kiotomatiki, kazi isiyowekewa kikomo huachwa hadi dakika 360 kabla ya kukatwa.