Kori nne kwenye prosesa, moja kwenye Linux

Core 2 Quad Q6600 ni prosesa ya mwaka 2007, na bado naletewa mashine zinazoitumia. Ina kori nne (vitengo vinne vya kuchakata) na haina Hyper-Threading, teknolojia ya kufanya kori moja ionekane kama mbili, kwa hiyo hesabu yake haina utata: amri ya lscpu, inayoonyesha maelezo ya prosesa, iseme 4. Ikisema 1, utasikia mtu anatangaza prosesa imekufa. Kori tatu zife kwa mpigo, halafu mashine iendelee kuwaka kama kawaida? Siamini kirahisi hivyo. Kabla sijashika bisibisi naandika:

cat /proc/cmdline

Hayo ndiyo maelekezo ambayo GRUB, programu inayoanzisha Linux, iliipa kerneli (kiini cha Linux) wakati wa kuwaka, na mara nyingi mchawi yumo humo: acpi=off, yaani zima ACPI, mfumo ambao bodi huutumia kuielezea Linux vifaa vyake na umeme wake. Aliyeweka Linux alikwama kwenye skrini nyeusi, akaambiwa ajaribu hilo, likakubali, likabaki humo hadi leo. Kumbe kerneli huzijua kori kupitia jedwali la ACPI liitwalo MADT. Ukizima ACPI, inabaki kutafuta jedwali la MP (la prosesa nyingi) la enzi za nyuma, ambalo bodi nyingi hazina au halijajazwa. Isipolipata, dmesg (kumbukumbu za kerneli) husema waziwazi: kerneli za zamani ziliandika "SMP motherboard not detected", za karibuni huandika "ACPI MADT or MP tables are not detected". Dalili nyingine haihitaji hata amri: ukizima kompyuta, Linux inafunga kila kitu lakini feni inaendelea kuzunguka mpaka ushikilie kitufe.

Usikimbilie kuhariri faili. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, futa acpi=off, kisha Ctrl+X; badiliko hilo ni la kuwasha mara moja tu. Skrini nyeusi ikirudi, jaribu kuandika nomodeset mahali pake, maana huenda kosa lilikuwa la kadi ya picha tangu mwanzo. Mambo yakikaa sawa, ndipo urekebishe /etc/default/grub na kuendesha sudo update-grub.

Ukikuta maxcpus=1 kwenye maelekezo hayo, soma faili mbili ndani ya /sys/devices/system/cpu: present na online. Ya kwanza ikisema 0-3 na ya pili 0, kori zipo, zimelala tu. Unaiamsha mojawapo hivi:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu1/online

Kwa nr_cpus=1 ujanja huo haufui dafu; kerneli haikuzitengea nafasi, lazima uifute na kuwasha upya.

Kwenye i7 ya kori nne, kuona 4 badala ya 8 ni kesi nyingine kabisa. Hapo zilizozimwa ni nyuzi za Hyper-Threading, pengine kwa nosmt, kinga iliyopata umaarufu baada ya L1TF, udhaifu wa kiusalama wa prosesa za Intel uliotangazwa mwaka 2018. Faili ya smt/control, ndani ya /sys/devices/system/cpu, itakuambia. Seva inayobeba mashine pepe za wateja ningeiacha hivyo hivyo.

Maelekezo yakiwa safi na present bado inasema 0, sasa ingia BIOS utafute palipozimwa kori. Kama bodi ni ya zamani kuliko prosesa yenyewe, huenda ikahitaji toleo jipya la BIOS.