Je, wajua kwa nini Dispensari ya Zamani ya Mizingani huuguzwa kwa chokaa, si kwa saruji?

Ukitoka bandarini Malindi, mjini Zanzibar, ukaifuata Barabara ya Mizingani kuelekea Forodhani, kabla hujafika Mti Mkubwa utaliona mkono wa kushoto jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa mpaka zikafanana na lesi, na vioo vya rangi kwenye madirisha yake. Ndiyo Dispensari ya Zamani. Wageni huipiga picha kwa ajili ya roshani zile. Fundi muashi wa Mji Mkongwe hutazama kwanza ukuta unaozibeba, kwa sababu ni ukuta wa mawe na chokaa, na ukuta wa aina hiyo ukipigwa lipu ya saruji huanza kuugua.

Aliyeanzisha ujenzi ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala, na nia ya Topan ilikuwa hospitali ya maskini. Mafundi waliletwa kutoka India, na mkono wao unaonekana. Nyumba nyingi za Kiarabu za mji huu huipa njia ukuta mtupu na kuuficha uzuri uani. Jengo hili lina ua wake wa ndani, lakini limeufungua uso wake wote kwa bahari. Topan alifariki mwaka 1891, kazi ikamalizika 1894 bila yeye. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nur Mohamed, tajiri mwingine wa Kihindi: chini wakatoa dawa, juu wakakaa wapangaji. Hapo ndipo lilipopata jina la Dispensari ya Ithnaasheri, yaani Mashia wa Maimamu Kumi na Wawili.

Ili kuuelewa ugonjwa wa ukuta, tazama kwanza mtaa ulipokaa. Mji Mkongwe ulisimama juu ya ulimi wa ardhi. Magharibi ni bahari. Mashariki lilikuwapo hori, yaani mkono wa bahari, lililoutenga na Ng'ambo, ambalo lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo juu yake mna barabara na viwanja. Mizingani penyewe ni ufukweni kabisa. Kwa hiyo misingi ya majengo haya iko karibu na maji, na maji yenyewe yana chumvi. Upepo nao huleta chumvi kutoka juu.

Sasa ukuta. Kuta za mji huu kwa kawaida zina unene wa nusu mita au zaidi. Hujengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyopangwa ndani ya mchanganyiko wa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji kama sponji. Waliojenga hawakujaribu kuyazuia maji yasipande. Waliyaachia njia ya kutoka. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, hivyo unyevu hupita ndani yake na kukauka nje, na chumvi huachwa usoni mwa lipu. Baada ya miaka lipu huchakaa, hubanduliwa, hupigwa mpya. Lipu ndiyo inayojitoa kafara ili jiwe lipone.

Saruji huibadilisha hesabu yote. Ni ngumu kuliko jiwe linaloibeba na hupitisha unyevu kidogo sana. Maji yakikosa njia usoni hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na ndiyo maana nyumba iliyokuwa na unyevu wa magotini huonekana baada ya ukarabati wa saruji ina unyevu wa kifuani. Chumvi nayo huganda nyuma ya lipu. Kila punje ikikua husukuma, mpaka lipu inaachana na jiwe. Gonga kwa vifundo vya vidole: ikilia kama debe tupu, imekwisha kuachana. Ikibambuka huanguka vipande vizima na kuondoka na ngozi ya jiwe, na unapoupangusa ukuta kwa kiganja unabaki na unga mkononi. Unga ule ni jiwe lenyewe linaloliwa.

Chokaa chenyewe hutoka kwenye mawe yale yale. Magogo, aghalabu ya minazi, hupangwa duara, mawe hupandishwa juu yake, tanuri likawashwa. Jiwe huhitaji joto la nyuzi 900 hivi ili liachie hewa yake ya kaboni. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu. Kisha huzimwa kwa maji, au lundo likaachwa linyeshewe. Chokaa kisichozimika sawasawa ni hatari kwa kazi: punje zilizobaki mbichi huja kuzimika zikiwa tayari ukutani, huvimba na kutoboa vishimo usoni mwa lipu.

Mwenye nyumba anayetaka kuurudisha ukuta wake aanze kwa kubandua saruji yote mpaka kwenye jiwe, na asiishie ilipokoma alama ya unyevu. Apande kama nusu mita zaidi. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na izolewe itupwe mbali, kwani ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ukuta uachwe ukauke. Mashimo makubwa yajazwe vijiwe pamoja na mchanganyiko wa chokaa, maana chokaa kinene peke yake husinyaa na kupasuka. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani. Ukuta unyunyizwe maji kabla ya kupiga, la sivyo mawe yatanyonya maji ya lipu nayo itageuka unga. Kila mkono, yaani tabaka la lipu, uwe wa milimita 10 hivi, ukwaruzwe ili mkono unaofuata ushike, na usiongezwe mwingine mpaka wa kwanza ukaze kiasi kwamba kidole gumba hakibonyei. Jua kali ni adui. Tundika magunia yenye maji mbele ya kazi kwa siku kadhaa. Mwisho ni chokaa chepesi kama maziwa, mara tatu au nne. Rangi ya mafuta huuziba ukuta kama saruji.

Lakini lipu nzuri haiokoi nyumba inayovuja juu, na hapa ndipo majengo mengi yanapopotea. Boriti za mikoko hupangwa zikiwa zimeingizwa ncha ndani ya kuta mbili, na kwa kuwa urefu wake unaofaa ni karibu mita tatu, vyumba vingi vya mji ni vyembamba hivyo. Boriti hizo hubeba dari, na pia huzishika kuta zisiachane. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kukaa kwenye ncha za boriti mahali pasipoonekana. Zikioza, ukuta hauna tena wa kuushika. Hufura tumbo kuelekea njiani, na siku ya mvua kubwa huenda wote.

Dispensari ilifika karibu na hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikosa matunzo, ikachakaa, mpaka Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulipoikarabati katika miaka ya 1990. Kwa jengo la namna hii, ukaguzi wa kila mwaka kabla ya masika huanzia juu: mifereji ya paa isiwe na majani, mabati yasiwe na matundu, na ncha za boriti zichomwe kwa bisibisi. Ikizama bila kupingwa, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya mwezi wa Machi.