Merikani ilitangulia saruji

Juzi barazani, hata kahawa haijapoa, bwana mmoja akaniambia tena: "Mwalimu, sisi watu wa Kusini mapinduzi ya viwanda tumeyaona juzi tu, Dangote alipojenga Mtwara." Nafundisha historia hapa Lindi mwaka wa 19 sasa. Maneno hayo nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu.

Kiwanda kile cha saruji kilizinduliwa 2015, sikatai. Lakini nani kasema kipimo ni bomba la moshi? Kule Cromford, Uingereza, mwaka 1771, mwenye kiwanda Richard Arkwright aliendesha mashine zake za kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Mvuke ulikuja baadaye. Hayo tuyaache.

Tushike nguo. Kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakishusha Unguja majora ya kitambaa kigumu kisichopaushwa, kilichofumwa kwa mashine kwao. Watu wa pwani wakakiita merikani. Kutoka Kilwa Kivinje kikapanda bara mabegani mwa wapagazi hadi Ziwa Nyasa, na huko kilikuwa nguo na pesa pia: mikono minne (kiwiko hadi ncha ya kidole) shuka, shuka mbili doti. Kwa doti ukapata chakula cha msafara, ukalipa hongo ya jumbe, ukanunua pembe, ukanunua hata binadamu. Hapo naomba tutulie kidogo. Pamba ile ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa na wasichana wa viwandani kaskazini, ikaja kununulia watumwa wengine huku kwetu. Pembe nazo nyingi zikaishia Connecticut, zikakatwa vibao vya piano. Halafu mtu anaagiza kikombe cha pili na kuniambia hatukuwamo!

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ilikatika. Nguo za Uingereza, kisha za viwanda vya Bombay, zikaziba pengo. Jina likabaki lilelile: nguo ya Bombay, merikani.

Vitabu vya shule vinasema nguo za mashine ndizo zilizoua ufumaji wetu. Hapo mimi nasita. Kilwa Kisiwani vimechimbuliwa vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kutia uzito kijiti cha kusokotea uzi. Kwa hiyo watu walisokota. Lakini nguo za India zilishushwa pwani hii karne nyingi kabla ya mashine yoyote. Mfumaji wa Kilwa aliangushwa na Massachusetts, au Gujarat, huko India, ilikwisha kummaliza zamani? Darasani natoa jibu la mtihani, maana watoto wanataka alama. Barazani silitoi.

Yote haya nilimweleza yule bwana, kidole juu ya meza nikichora njia ya Kivinje hadi Nyasa kwa kahawa iliyomwagika. Akasikiliza kwa adabu kabisa, mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu. Sasa hicho kiwanda cha merikani kilikuwa mtaa gani hapa Lindi?"

Nikalipa kahawa yangu na yake, nikaenda kusahihisha madaftari.