Nyeri: nani alifia hapa, nani aliletwa azikwe, nani hakurudi

Ukiingia makaburini kwa Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, Kenya, tafuta jiwe lenye duara na nukta katikati. Wageni wengi hudhani ni pambo. Ni alama ya njiani ya maskauti: anayetangulia humwachia mwenzake anayemfuata, ili ajue kwamba mwenye alama ameshamaliza safari na amekwenda nyumbani. Aliyelala chini ya jiwe hilo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83.

Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho huulizwa mara kwa mara: watu gani mashuhuri walimalizia maisha yao Nyeri? Swali ni dogo, lakini majibu yanayozunguka mitaani yamechanganyika kama pumba na mchele. Mimi mwenyewe, miaka ile ya mwanzo kazini, niliwahi kuwatangazia wanafunzi wa basi zima kwamba mwanamfalme fulani wa Kiitaliano alikata roho hapa mjini. Hakukata roho hapa. Bahati yetu Kiswahili kinatenganisha vizuri mambo haya: kuna kuishi mahali, kuna kufia mahali, na kuna kuzikwa mahali. Anayeshika tofauti hizo tatu atakuwa ameshaijua nusu ya historia ya mji huu.

Baden-Powell alitimiza yote matatu. Kwa Waingereza alikuwa shujaa wa Mafeking, mji wa Afrika Kusini alioulinda dhidi ya Makaburu kwa siku 217 hadi Mei 1900. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana kambini katika kisiwa cha Brownsea, na uskauti ukaanzia hapo. Wasomaji wa Kiafrika wana haki ya kujua na upande wa pili. Mwaka 1896, katika vita vya Matabele, Zimbabwe ya leo, aliamuru chifu aliyeitwa Uwini apigwe risasi baada ya kukamatwa. Uchunguzi ulifanyika, naye akaachiwa. Simwelezi mgeni habari za duara na nukta bila kumtajia na Uwini.

Alihamia Nyeri mwaka 1938, moyo wake ukiwa umechoka. Mwenye hoteli ya Outspan, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa zamani katibu wake, na katika uwanja wa hoteli hiyo kikajengwa kijumba cha mzee na mkewe Olave. Wakakiita Paxtu. Jina hilo lina mzaha ndani yake. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na "pax" kwa Kilatini ni amani. Hiki basi kilikuwa Pax ya pili, kwa namna Mwingereza anavyotamka namba mbili. Ndani ya kijumba hicho alichora wanyama, akaandika vitabu, akafuga pimbi, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu akautazama Mlima Kenya akiwa barazani. Ni yeye aliyemwandikia Walker kwamba kadiri unavyoikaribia Nyeri ndivyo unavyoikaribia raha. Hoteli inalitangaza neno hilo hadi leo, na siwalaumu.

Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yakaletwa kaburini kwa mumewe. Kwa hiyo yeye hakufia Nyeri, ingawa jina lake liko hapa. Kila Februari, karibu na tarehe 22 ambayo ni siku ya kuzaliwa kwa mzee, skafu za rangi zote hujaa katika njia ya kuelekea makaburini.

Watu wachache zaidi wanajua kwamba kijumba kile kilipata mpangaji mwingine mwenye jina kubwa. Jim Corbett alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875. Alijulikana kwa kuwawinda chuimilia na chui waliozoea kula watu. Chuimilia jike wa Champawat, aliyemuua mwaka 1907, alisemekana kuwa amekula watu 436. Baadaye alipendelea kubeba kamera kuliko bunduki, na hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India, ambayo alisaidia ianzishwe, leo inaitwa kwa jina lake. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie, wote wawili wakiwa hawajaoa wala kuolewa, waliuza nyumba yao wakavuka bahari kuja Kenya. Waliishia Paxtu.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, mzee Corbett, akiwa na miaka 76, alikuwa juu ya mti huko Treetops, ile hoteli ya Walker iliyojengwa mtini ndani ya msitu wa Nyandarua. Alikuwa amemsindikiza Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe. Usiku huo mfalme, baba yake Elizabeth, akafa usingizini huko Sandringham, Uingereza. Katika daftari la wageni Corbett aliandika kwamba binti alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka kesho yake akiwa malkia. Maneno mazuri, ila yamewafanya watu wengi waamini kwamba habari za msiba zilimfikia juu ya mti. Hapana. Alishuka bila kujua lolote, na habari zikamkuta Sagana Lodge, nyumba aliyokuwa amefikia, huko huko upande wa Nyeri.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga ukoloni, waliichoma Treetops, mti na hoteli vikateketea. Corbett alibaki Paxtu akiandika kumbukumbu za usiku ule wa mtini. Alimaliza kuandika, na siku chache baadaye, tarehe 19 Aprili 1955, moyo ukasimama. Kaburi lake liko makaburini kwa Mtakatifu Petro pia, hatua chache kutoka kwa Baden-Powell. Wanaoliulizia zaidi ni wageni kutoka India.

Sasa yule mwanamfalme wangu. Amedeo, Mtawala wa Aosta, alikuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia huko Ethiopia. Alijisalimisha kwa Waingereza kwenye mlima wa Amba Alagi mwezi Mei 1941, akaletwa Kenya kama mfungwa wa kivita, na malaria pamoja na kifua kikuu vikammaliza Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Nyeri aliletwa kuzikwa. Amelala ndani ya kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, na kuta zinazomzunguka zimehifadhi mabaki ya askari wake 676.

Sista Irene Stefani naye ni Mwitaliano, lakini watu wa hapa walimpa jina lao, Nyaatha, mama wa huruma. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi hadi Kilwa na Lindi, mahali ambapo Mwafrika mgonjwa mara nyingi aliachwa chini mpaka afe. Alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemhudumia. Gikondi iko vijijini, si mjini. Mabaki yake ndiyo yaliyohamishiwa mjini. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenye heri katika misa iliyofanyika kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi.

Na kwa jina hilo tunamfikia mtu ambaye Nyeri ilimzaa na haina kaburi lake.

Rudi kidogo kwenye ule mwezi wa Aprili 1955. Corbett alipokuwa akikata roho Paxtu, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikuwa hai katika msitu ule ule wa Nyandarua unaoonekana ukiwa mjini. Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920. Alikamatwa ukingoni mwa msitu alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa na jeraha la risasi pajani, akapelekwa hospitali ya Nyeri. Kesi ilisikilizwa hapa hapa mjini kuanzia tarehe 19 Novemba, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza. Hakushtakiwa kwa uasi wala kwa mauaji. Shtaka lilikuwa bastola moja na risasi zake. Tarehe 27 Novemba akahukumiwa kifo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo bila alama. Mjane wake Mukami aliomba mifupa hiyo kwa miaka mingi, serikali moja baada ya nyingine, mpaka naye akafariki Mei 2023 bila kuipata.

Ndiyo maana mgeni akiniuliza Kimathi alimalizia wapi siku zake, huwa sijibu haraka. Siku zake za mwisho za uhuru zilikuwa msituni juu ya Nyeri. Hukumu yake ni ya Nyeri. Kifo ni cha Kamiti. Barua yake ya mwisho, aliyoiandika siku moja kabla ya kunyongwa, ilielekezwa Nyeri, kwa Padri Marino wa misheni ya Katoliki. Alimwomba padri afanye kila njia mtoto wake asome, na mama yake, ambaye alikuwa mzee sana, atembelewe na kufarijiwa.